Gunzi la Laura: Jinsi Mpwa Wangu Alivyojua Kusoma Hapa Kamere

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mimi ndiye yule kijana anayewasumbua kila wiki na mambo ya historia: reli, kipande, Mau Mau, walowezi. Na kumbe hapo nyumbani, Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, nilikuwa naishi na mtoto wa gredi ya nne ambaye hawezi kusoma sentensi moja.

Ni mtoto wa dadangu. Dadangu anafanya kazi ya kupanga na kufunga maua. Basi la kampuni linamchukua kabla jua halijatoka, na ikikaribia Februari, wakati Ulaya wanataka waridi za wapendanao, anarudi usiku. Kwa hivyo kuangalia daftari ilikuwa kazi yangu, na daftari lilikuwa safi. Mwandiko wa kupendeza kabisa, kwa sababu alikuwa ananakili kutoka ubaoni. Siku moja nikamwonyesha mfuko wa unga, akasoma jina bila shida. Nikamletea unga wa kampuni nyingine, mfuko wa rangi ileile. Akasoma jina lilelile la kwanza. Hapo ndipo nilijua mtoto anasoma rangi.

Hayuko peke yake. Uwezo, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima watoto kuanzia 2009, walirudia ujumbe uleule: wako watoto wengi walio darasani, tena madarasa ya juu, ambao hadithi ya darasa la pili inawashinda. Serikali ilileta Tusome mwaka 2015, sauti za herufi, kitabu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Ilisaidia wengi. Lakini aliyepitwa pale chini, nani anarudi kumchukua? Mwalimu ana darasa limejaa mpaka mlangoni.

Basi nikaamua kumchukua mimi. Sijasomea ualimu. Nilichokuwa nacho ni kitabu kimoja cha shilingi hamsini nilichookota kwa muuza vitabu vya mitumba, mjini Naivasha: Little House in the Big Woods, cha Laura Ingalls Wilder.

Kwa wasiokijua, Laura alizaliwa 1867 kwenye misitu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, na kitabu chake kilitoka 1932, yeye akiwa na miaka 65. Anasimulia utoto wake: nyumba ya magogo, baba mwindaji, mama, watoto, na baridi kali nje. Shule nyingi za Marekani zimekitumia kufundisha watoto kusoma. Nilijiuliza kwa nini, manake ukitafuta vituko humo, ni vichache. Hakuna jini, hakuna mwana wa mfalme.

Nilipokisoma nikaelewa. Karibu kila sura ni kazi ya nyumbani, hatua kwa hatua. Nyama inakaushwa kwa moshi ndani ya gogo lenye shimo. Nguruwe anachinjwa, watoto wanapuliza kibofu chake kiwe mpira. Maziwa yanasukwasukwa mpaka siagi itoke, na mama anaipa rangi kwa karoti. Kwanza hiki, halafu kile, mwisho hiki. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji hilo: maneno yanarudi, na akikwama kwenye neno, kazi yenyewe inamwambia neno linalofuata.

Kitabu ni cha Kiingereza, na Kiingereza kina mitego. Herufi ileile leo inaitwa hivi, kesho vile. Kiswahili kina huruma: irabu tano, na kila moja ina sauti yake popote utakapoikuta. Kwa hivyo nilimsimulia sura usiku, halafu nikamwandikia sentensi zangu fupi za Kiswahili kwenye daftari. Ya kwanza ilihusu mwanasesere wa Laura, ambaye hakuwa wa duka. Lilikuwa gunzi la mahindi limefungwa kitambaa.

Mpwa wangu alinitazama. "Anko, gunzi? Kama letu?"

Kama letu. Akaenda jikoni akaleta gunzi, akalifunga na kipande cha leso kuukuu. Na hilo ndilo neno la kwanza alilosoma kwa kweli: gu-nzi. Hiyo "nzi" ilimtoa jasho, lakini alikuwa ameshika gunzi mkononi, hangeliacha.

Tukaendelea hivyo jioni baada ya jioni, dakika ishirini. Mimi nasoma kwanza, yeye anafuata kwa kidole. Halafu tunasoma pamoja. Halafu anasoma peke yake na mimi nanyamaza, hata akikosea, mpaka afike mwisho wa sentensi. Hatua za siagi niliziandika kwenye vipande sita vya boksi, nikavichanganya, nikamwambia avipange. Alipoweka karoti kabla ya maziwa, alicheka mwenyewe akarudisha. Ukiona mtoto anajirekebisha bila kuambiwa, jua sasa anaelewa anachosoma.

Shida ilikuja na neno moja. Niliandika: "Baba na mama ya Laura walikuwa walowezi."

Akalisoma vizuri, wa-lo-we-zi. Halafu: "Anko, walowezi ni nani?"

Nikaanza kueleza, watu wanaoenda kukaa mahali papya, wanakata miti, wanajenga. Shosho yangu alikuwa hapo kando anachambua maharagwe. Akasema bila kuinua kichwa: "Mwambie na wale waliotolewa."

Jamani. Mimi wa historia, nikanyamaza.

Kwa sababu kwa Kiswahili cha Kenya hilo neno si neno la hadithi ya msituni. Sisi tuna kitabu chetu cha walowezi, kimeandikwa na Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, cha 1959, kuhusu mtoto wa Kizungu aliyeletwa Kenya mwaka 1913. Mamake baadaye alilima Njoro, kaunti hii yetu ya Nakuru. Kimeandikwa kwa mapenzi, sikatai. Lakini ukikisoma ukiwa mjukuu wa waliopika na kulima kwenye mashamba kama hayo, unajitafuta kwenye kurasa na unajipata pembeni.

Hata Laura mwenyewe ana kesi. Kitabu chake cha 1935, Little House on the Prairie, kinaeleza familia ilivyojenga Kansas kwenye ardhi ya Waosage, wakati wenyewe walikuwa wanasukumwa waondoke. Mle ndani kulikuwa na sentensi iliyosema hapakuwa na watu pale, ni wenyeji tu, kana kwamba wenyeji si watu. Mwaka 1953 neno "watu" lilibadilishwa likawa "walowezi". Na 2018 chama cha wakutubi wa watoto Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo kubwa iliyoitwa kwa heshima yake.

Sasa rudi kwetu. Naivasha ni jina la Kimaasai lililopindwa na midomo ya Wazungu, Nai'posha, maji yanayochafuka. Reli ilifika Kisumu 1901, na serikali ikataka wakulima Wazungu walipie reli hiyo kwa mazao. Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart aliweka mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwemo, wahame Bonde la Ufa: wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli. Mkataba ulisema utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo duniani. Haukufikisha miaka saba. Mwaka 1911 wale wa Laikipia nao waliambiwa wahame tena. Walienda mahakamani 1913, wakashindwa.

Na sisi je? Babake shosho alikuja hapa na mbuzi wake kutoka upande wa Kikuyu, akawa skwota kwenye shamba la Mzungu. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanyie mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Kuanzia 1920 akavaa na kipande shingoni. Shosho alizaliwa shambani. Hakusoma. Mpaka leo anaweka kidole gumba kwenye karatasi za benki.

Kwa hivyo familia yetu ilijenga upya kwenye ardhi ambayo wengine walikuwa wametolewa, chini ya mtu aliyepewa na serikali isiyokuwa na haki ya kuigawa. Hiyo nayo ni hadithi ya kuanza maisha mahali papya. Na hakuna aliyeiandika kwa herufi kubwa za mtoto.

Nilitaka kutupa kitabu cha Laura. Nashukuru sikutupa, kwa sababu kilikuwa kimenionyesha namna ya kuandika. Nikachukua daftari jipya, nikamuuliza shosho swali moja tu: nyumba yenu ya kwanza mliijengaje? Akaanza kutoa hatua kama Laura mwenyewe. Baba alichimba mashimo. Baba alisimamisha nguzo. Mama alichota maji. Mama alikanyaga udongo. Watoto walikanyaga udongo. Tulipaka ukuta. Ukuta ulipasuka. Tulipaka tena.

Siku iliyofuata, uji mchachu: unga, maji, kibuyu, funika, subiri siku mbili. Siku nyingine, kuchunga ng'ombe wa bwana na kumkwepa kiboko ziwani. "Kiboko" mpwa wangu alilisoma kwa kasi, manake kila mtoto wa Kamere anajua kwamba jioni ufukweni hakuchezewi.

Nilipomaliza nikamuuliza shosho ukurasa wa kwanza useme nini. Alifikiri kidogo. Akasema babake alimwonyesha mahali Wamaasai walipokuwa na boma lao, majani yalikuwa yanaota mabichi zaidi hapo kwa sababu ya mbolea ya ng'ombe. Tukaandika hivi: "Ziwa lilikuwa na jina kabla yetu. Wamaasai waliliita Nai'posha. Waliondolewa. Halafu sisi tukaja."

Kuna watakaosema hayo ni mazito kwa mtoto wa miaka tisa. Mimi nilidhani hivyo pia. Lakini maneno yenyewe ni mepesi, na swali alilouliza baada ya kusoma lilikuwa la msomaji: "Waliondolewa na nani?" Mtoto aliyekuwa anasoma rangi ya mfuko amegundua kwamba sentensi imeficha mtu. Nikamwambia achukue penseli aongeze. Aliandika mwenyewe: "na serikali ya Waingereza." Waingereza alilikosea mara mbili. Sikumsahihisha mpaka alipomaliza.

Sitawadanganya kwamba sasa anasoma kama mtangazaji. Bado anatumia kidole, bado maneno kama "mbwa" na "ng'ombe" yanamsimamisha, na Kiingereza ndio kwanza tumeanza. Lakini Jumapili iliyopita dadangu alikuwa nyumbani, na mtoto alimsomea shosho daftari lote, kurasa kumi na moja. Shosho alisikia maisha yake yakitoka kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Walipofika pale ukuta unapasuka alimkatiza: "Si ukuta wote. Ule wa upande wa ziwa tu. Andika."

Akaandika.

Kama una mtoto nyumbani, leo jioni mfunike jina la unga umwambie akusomee mstari mwingine kwenye mfuko huo. Ukiona amekwama, usimgombeze, na usingoje shule ifungue. Tafuta mzee wa karibu, muulize kazi moja aliyoijua utotoni, hatua kwa hatua, na uandike sentensi kumi. Na muulize pia nani alikuwa hapo kabla yenu.