Mjadala kuhusu matumizi ya chakula cha msaada na ruzuku ya TASAF Shinyanga na Geita

Mjadala kuhusu matumizi ya chakula cha msaada na ruzuku ya TASAF unahusu swali la zamani: je, kaya maskini inayopewa mahindi au fedha na serikali iachwe iamue yenyewe namna ya kuvitumia, au ielekezwe na kusimamiwa? Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, swali hilo husikika kwenye mikutano ya vijiji, kwenye vilabu vya pombe na katika mabaraza ya madiwani. Limepata nguvu zaidi tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipoanza kuzilipa kaya maskini fedha taslimu.

Lawama zinazorudiwa mara nyingi ni kwamba walengwa hunywea pombe fedha hizo, huuza mahindi waliyopewa na huacha kulima. Tafiti zilizofanyika Tanzania na kwingineko haziungi mkono lawama hizo kwa ujumla wake. Hata hivyo zina historia yake, na mtu hawezi kuelewa mjadala huu bila kuijua.

Mahindi ya msaada

Sehemu kubwa ya Shinyanga, hasa wilaya ya Kishapu, hupata mvua chache na zisizotabirika. Wasukuma walijihami kwa mtama, kwa kukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, na kwa kuhesabu ng'ombe kama akiba. Akiba hizo zilipoisha, serikali ilileta nafaka. Wazee wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, ulipozaa kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona", na unga wa mahindi ya njano kutoka nje uliopewa jina la "unga wa Yanga" kwa sababu ya rangi ya jezi ya klabu hiyo ya mpira.

Tangu mwaka 2008 akiba ya nafaka inasimamiwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ambao una kanda yake Shinyanga. Wakati wa upungufu mahindi hutolewa ghalani na kufikishwa vijijini kupitia halmashauri. Sehemu kubwa huuzwa kwa bei nafuu, na wasiojiweza kabisa hupewa bure.

Malalamiko huanza pale mahindi hayo yanapoonekana mnadani au yanapochachushwa kuwa pombe. Viongozi wa wilaya, nyakati za njaa, wamekuwa wakipiga marufuku kutumia nafaka kutengenezea pombe za kienyeji. Lakini debe la mahindi peke yake si ugali. Linahitaji fedha ya mashine ya kusaga, chumvi, mboga na kuni au mkaa. Kaya isiyo na shilingi hata moja italazimika kuuza sehemu ya mahindi ili sehemu iliyobaki iweze kulika. Kwa mama anayepika pombe, nafaka ile ni mtaji: huigeuza kuwa fedha, na fedha huigeuza tena kuwa chakula. Mtu anayeuona mtungi wa pombe bila kuona unga ulionunuliwa baadaye atahukumu nusu ya habari.

Januari 2017, baada ya mvua za vuli kuchelewa, Rais John Magufuli akiwa ziarani Kanda ya Ziwa alisema serikali haitagawa chakula cha bure, akawataka wananchi walime mazao yanayostahimili ukame. Kauli hiyo iliendana na kaulimbiu yake ya "Hapa Kazi Tu", na pia na fikra ya zamani zaidi: Julius Nyerere aliitumia methali ya mgeni na jembe katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962. Waliomuunga mkono Magufuli walisema msaada hulemaza. Waliompinga walisema anayelima bila mvua hajakataa kazi.

Kutoka mahindi hadi fedha

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwanzoni ilijenga zaidi shule, zahanati na visima. Majaribio ya kuzilipa kaya fedha yalifanyika katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambako malipo yalianza mwaka 2010. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ulifikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari 2020.

Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Palikuwa pia na ruzuku za masharti: 4,000 kwa kaya yenye mtoto mdogo anayehudhuria kliniki, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, huku wa sekondari wakipata zaidi. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa 38,000 kwa mwezi, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, la sivyo fedha ilikatwa. Mpokeaji, inapowezekana, ni mwanamke.

Msomaji afanye hesabu kidogo. Kaya ya watu sita yenye mtoto mmoja wa kliniki na wawili wa shule ya msingi ilipata 22,000 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 122 kwa mtu kwa siku. Kusema kwamba fedha hiyo inamwezesha mtu kuacha kulima ni kuipa uwezo usio nao.

Fedha huenda wapi

Tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ililinganisha vijiji 40 vilivyopata fedha na vingine 40 ambavyo havikupata. Kaya za walengwa zilijiunga zaidi na bima ya afya, zilinunulia watoto viatu na ziliongeza mifugo kama kuku na mbuzi. David Evans na Anna Popova, waliopitia tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu fedha kama hizi, walikuta kwamba kwa wastani matumizi ya pombe na tumbaku hayaongezeki. Hii haimaanishi kwamba hakuna mlengwa hata mmoja anayelewa siku ya malipo. Yupo, na kwa kuwa analewa hadharani, kijiji kizima humfahamu. Bibi aliyenunua daftari na kilo tatu za unga hapigiwi kelele na mtu.

Suala la mifugo lina upande mwingine, ambao husemwa mara chache. Mbuzi anahitaji mchungaji, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Utafiti uliofuatilia vijana katika kaya za walengwa ulionyesha kwamba mahudhurio ya shule yaliongezeka na vibarua vya nje vikapungua, lakini kazi ya kuchunga mifugo ya nyumbani iliongezeka. Katika nchi ya wafugaji kama Usukuma jambo hili lina uzito kuliko pombe, kwa maana linagusa moja kwa moja masharti ya elimu.

Ubishi mwingine ni wa mabati. Kaya inayojinyima ikaezeka bati huonekana na jirani kuwa imetajirika, hivyo iondolewe kwenye orodha. Anayeila fedha yote hubaki na nyumba ya nyasi, na hubaki pia kwenye orodha. Basi kaya hulaumiwa ikitumia na hulaumiwa ikiwekeza.

Ukanda wa dhahabu

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Pembeni yake wapo wachimbaji wadogo katika maeneo kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Hapa mjadala hubadilika sura. Wengi huuliza: inakuwaje mtu aishiye juu ya dhahabu apewe ruzuku?

Jibu liko katika namna kazi hiyo inavyolipa. Kwenye duara, mchimbaji hupata mgawo wa mawe, si mshahara, na mawe hayo yanaweza yasitoe kitu. Wanawake wanaoponda mawe, wanaoosha marudio kwenye mialo na wanaouza chakula hutegemea yule mwenye duara apate kwanza. Ikitokea rashi, watu humiminika, na bei ya unga, maharage na chumba cha kupanga hupanda kwa kila mtu, hata kwa mjane asiyewahi kushika chepeo. Ruzuku ileile inayonunua unga wa wiki kadhaa kijijini Kishapu huisha mapema zaidi jirani na machimbo.

Kuhamahama kunaleta ugumu mwingine. Kaya za walengwa huchaguliwa na mkutano wa kijiji, kisha taarifa zao huhakikiwa kwa dodoso. Mkutano humfahamu mkaazi wa siku nyingi. Aliyehamia kufuata rashi miaka miwili iliyopita hana wa kumsemea, hata kama watoto wake wanashinda machimboni badala ya darasani. Kwa upande wa pili, ukaguzi wa serikali uliofanyika nchini kote ulibaini kaya hewa na watu wasiostahili waliokuwa wakilipwa. Ni fedha iliyopotea kabla haijamfikia mlengwa, na kwa maoni ya wengi hiyo ndiyo hoja iliyopaswa kutangulia ile ya pombe.

Kuna pia makato. Vijijini imekuwa desturi mahali pengine kumngoja mlengwa siku ya malipo ili alipe michango ya shule au ya ujenzi. TASAF imesisitiza kwamba ruzuku ni mali ya kaya na haikatwi. Malipo kwa simu na benki yamepunguza mtindo huo, ingawa yamezua maswali nyumbani kuhusu nani ashike laini.

Kwingineko

Marekani ina mpango wa SNAP, unaotoa kadi ya kununulia chakula tu. Pombe na tumbaku haviruhusiwi, wala, kwa kawaida, chakula kilichopikwa tayari. Bado Wamarekani hubishana kuhusu soda na peremende. Kenya ilichukua njia ya fedha kwa mpango wake wa kaya zenye njaa katika kaunti kame za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir.

Mfano ulio karibu zaidi ni Zanzibar. Tangu Aprili 2016 serikali ya visiwani ilianza kumlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ambayo mwanzoni ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumpima umaskini wala kumwekea masharti. Kwa kuwa kila mzee hupata, hakuna mkutano wa kumchagua, na ubishi wa nani anastahili, ambao Shinyanga na Geita huchukua nusu ya kikao, huko haupo kwa sura hiyo.