Sala na Kazi: Shule ya Mtakatifu Benedikto



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunapenda kutafakari pamoja swali ambalo ni la kale lakini halijachakaa: Je, ibada huishia mlangoni pa kanisa? Wengi wetu tunajitahidi kuitunza Dominika na sikukuu za amri. Lakini kuanzia Jumatatu, dukani, shambani, ofisini na jikoni, twaweza kuishi kana kwamba Mungu amebaki ndani ya tabernakulo akitusubiri hadi Dominika ijayo. Ili tupate mwanga, tumtazame mtu aliyeishi miaka 1,500 iliyopita, ambaye shule yake imefika hadi nchini mwetu.

Mtakatifu Benedikto alizaliwa yapata mwaka 480 huko Norcia, Italia. Miaka michache kabla, yaani mwaka 476, kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi alikuwa ameondolewa madarakani, na mambo mengi yaliyodhaniwa kuwa ya kudumu yalikuwa yakiporomoka. Kijana Benedikto alipelekwa Roma kusoma, akachukizwa na maisha ya anasa aliyoyaona, akaondoka. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia kwamba aliishi miaka mitatu katika pango huko Subiaco. Yapata mwaka 529 alianzisha monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino, akafariki huko yapata mwaka 547. Alituachia kitabu kidogo chenye sura 73, kiitwacho Kanuni.

Msomaji anayekifungua kwa mara ya kwanza huenda akashangaa. Anatarajia mafundisho mazito juu ya kumtazama Mungu, nayo yamo. Lakini anakuta pia habari za vitanda, viatu, kipimo cha mkate na divai, na zamu za jikoni. Hapo ndipo hekima ya Benedikto ilipo. Katika sura ya 31 anamwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Tulitafakari neno hilo, ndugu msomaji. Jembe, ndoo na sufuria vinastahili heshima inayofanana na ile ya kalisi, kwa sababu Bwana anayetumikiwa ni mmoja.

Katika sura ya 35 anaagiza ndugu wote wahudumiane kwa zamu jikoni. Anayemaliza zamu yake huosha vyombo na vitambaa, huwaosha wenzake miguu, na kurudisha kila kitu kikiwa safi. Siku ya Dominika, anayemaliza na anayeanza huombewa na jumuiya nzima mbele ya Mungu. Kumbe zamu ya kupika ilifunguliwa na kufungwa kwa sala! Tukumbuke pia kwamba katika dunia ya Kirumi kazi za mikono zilihesabiwa kuwa za watumwa na maskini. Benedikto anakataza abati asimtangulize aliyezaliwa huru mbele ya yule aliyetoka utumwani. Mwana wa mkubwa na aliyekuwa mtumwa walisimama jikoni pamoja.

Wako wanaosema, "Basi kazi yangu ndiyo sala yangu," wakafanya neno hilo kuwa kisingizio cha kutosali kabisa. Benedikto hakubaliani nao. Katika sura ya 43 anaagiza kwamba saa ya sala ikilia, mmonaki aache mara moja alichoshika mkononi, hata kama hakijakamilika, kwa maana hakuna kitu cha kutangulizwa mbele ya kazi ya Mungu. Kazi inatakaswa na sala inayoikatiza. Asiyeweza kuiweka chini kazi yake kwa ajili ya Mungu, amekwisha kuifanya kazi hiyo kuwa mungu wake.

Historia yenyewe inatuonyesha jinsi ilivyo vigumu kuviweka viwili hivi pamoja. Monasteri ya Cluny huko Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 910, ilikuwa chemchemi kubwa ya uamsho wa Kanisa. Lakini kadiri muda ulivyopita, ibada zake zilirefuka na kupambwa mno, hata wamonaki wakabakiwa na nafasi ndogo ya kazi za mikono, na jasho la shambani likawa la watu wengine. Mwaka 1098 kundi la wamonaki lilikwenda Cîteaux likitaka kuirudia Kanuni pamoja na jembe lake. Hata hao, baadaye, waliwaachia mabradha walei sehemu kubwa ya kazi. Basi tusishangae kwamba nasi tunasumbuka. Kila kizazi kinapaswa kuanza upya kuunganisha magoti na mikono.

Shule hii ilifika kwetu mwaka 1888, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walipotoka Ujerumani na kuanza misioni Pugu, karibu na Dar es Salaam. Walikuja wakati mmoja na utawala wa Kijerumani, na wengi wa wenyeji hawakuona tofauti kati ya msalaba na bendera. Januari 1889, wakati wa vita vya pwani, Pugu ilishambuliwa na watawa watatu wakauawa. Mwaka 1898 ilianzishwa Peramiho, katika nchi ya Wangoni. Nayo ikachomwa moto mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha, aliuawa pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Vita hivyo viliwaua wenyeji wengi mno, kwa silaha na kwa njaa, nao pia tunawakumbuka katika sala.

Misioni ilijengwa tena juu ya majivu. Pamoja na kanisa vilikuja hospitali, shule, mashamba, karakana za useremala na uashi, na kiwanda cha kupiga chapa vitabu. Mwaka 1957 ilianzishwa monasteri ya Hanga kwa ajili ya wamonaki Waafrika. Hivyo Kanuni ya Benedikto ikawa mali yetu.

Je, sisi walei na mapadre wa parokia tufanyeje? Hatutakiwi kuigiza ratiba ya monasteri. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kusali vipindi vinane kwa siku, na Benedikto mwenyewe alipenda sala iwe fupi na safi. Lakini tunaweza kuianza siku kwa ishara ya msalaba kabla ya kushika simu. Kusimama kidogo adhuhuri kwa Malaika wa Bwana, hata kama wateja wapo. Na kufunga jioni kwa sala ya pamoja nyumbani.

Tukumbuke pia sura ya 57, inayoagiza bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei nafuu kidogo kuliko ya wengine, ili uchoyo usiingie na Mungu atukuzwe katika yote. Mfanyabiashara Mkristo na aipime mizani yake kwa neno hilo. Kipimo kilichopunjwa Jumamosi hakitafunikwa na wimbo wa Dominika.

Tumwombe Mtakatifu Benedikto atuombee, ili mikono tunayoikunjua kupokea Ekaristi iwe ileile inayoosha vyombo, inayolima, inayoandika na inayopima kwa haki.

Mungu awabariki nyote. Tuwatakie juma jema la sala na kazi.