Nyumba Si Mshahara

Bima mpya ya afya ya jamii ilipoanza nchini Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa hakuulizwa kitu. Alikatwa asilimia 2.75 ya mshahara, basi. Waliopewa dodoso ni muuza mboga, mvuvi na dereva wa bodaboda. Kuta za nyumba yako ni za nini? Umeezeka kwa makuti au mabati? Maji mnayateka wapi, choo ni cha namna gani, mnaishi wangapi? Kutokana na majibu hayo kompyuta hukadiria kipato cha kaya, kisha hutaja mchango, na mchango huo haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tena hutakiwa ulipwe wa mwaka mzima, mapema. Katika zahanati na kituo cha afya, kujisajili kunatosha. Hospitali kubwa humtaka aliyechangia.

Nia ya kuuliza ni njema. Mfuko wa zamani, NHIF, ulimtoza kila asiye na ajira rasmi shilingi 500 kwa mwezi, awe mwenye maduka matatu au kibarua wa shambani. Shida yangu iko kwenye kinachoulizwa. Mfikirie mjane wa Kilifi aliyejengewa nyumba ya mawe na mwanawe, mabati juu, choo cha ndani. Mwana amefariki, fedha zimekatika, nyumba imebaki. Dodoso linaiona nyumba. Halina namna ya kuliona kaburi.

Pwani hiyohiyo kuna elimu ya zamani iliyokwisha kulijibu jambo hili. Katika madhehebu ya Shafii, anayofuata Mwislamu wa kawaida kuanzia Lamu hadi Kilwa, nani anastahiki zaka ni swali la sheria, na wanachuoni walilipima kwa makini. Kipimo chao kilikuwa mahitaji ya mtu yakilinganishwa na uchumi wake. Anayehitaji kumi kwa siku akapata mbili au tatu ni fakiri. Anayepata saba au nane ni maskini, naye bado ana fungu lake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho bado kinasomeshwa kwetu, kwamba makazi ya mtu na nguo zake havimtoi katika ufakiri. Wafafanuzi wake wakaongeza ala za fundi na vitabu vya mwanachuoni. Kwa hukumu hiyo, pikipiki ya mwenye bodaboda haihesabiwi utajiri, kwa kuwa ndiyo inayomlisha. Ukimwambia aiuze umemwongeza kwenye safu ya wenye kuomba.

Najua zaka si bima. Mtoaji zaka hapokei matibabu kesho yake, na mtaa mmoja kugawiana si sawa na mfuko wa mamilioni ya watu. Ila swali la mlangoni, nani hana uwezo, ni lilelile, na wanachuoni wale walilijibu kwa kutazama riziki inayoingia, si matofali yaliyokwisha kulipiwa zamani.

Rwanda ilimuuliza jirani. Ubudehe ni jina la desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu, nalo likapewa mpango wa serikali ambamo wanakijiji walikutana na kupanga kila kaya katika daraja lake hadharani. Kuanzia mwaka 2011 madaraja hayo yaliongoza ada ya bima ya mutuelle: kaya za chini kabisa zililipiwa, walio katikati walitoa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, wa juu 7,000. Jirani anajua yule mwana alifariki lini. Anajua pia ugomvi wa mpaka wa shamba, na madaraja yalipoanza kubeba fedha, watu waliyagombania na malalamiko yakajaa. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya Wanyarwanda waliingia katika bima, jambo ambalo nchi zetu jirani hazijalifikia. Sehemu ya siri, naamini, ni kwamba aliyekosea alikuwa mtu, na mtu huweza kubishiwa uso kwa uso.

Marekani imechukua njia nyingine. Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo tangu 1965, iliwekewa sharti la kazi jimboni Arkansas mwaka 2018: mtu mzima athibitishe saa 80 za kazi kila mwezi, na mwanzoni alitakiwa aziripoti kwa intaneti tu, kwenye tovuti iliyokuwa ikifungwa usiku. Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla mahakama haijausimamisha mpango huo Machi 2019. Watafiti walikuta kwamba wengi mno wa waliolengwa ama walikuwa wakifanya kazi ama walistahili kusamehewa; kilichowaangusha ni kuripoti. Sasa sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inalipeleka sharti la saa 80 katika majimbo yote yaliyoipanua Medicaid, mwisho ukiwa tarehe 1 Januari 2027.

Sharti la kazi nalo si geni katika fikihi. Watu wawili wenye nguvu walimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba zaka. Aliwatazama juu hadi chini, akawaeleza kwamba tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayejichumia; lakini akawaachia wao wenyewe waamue, wakitaka atawapa. Na Mashafii wakasema mwenye nguvu asiyepata kazi inayomfaa hupewa. Hukumu ni kali kama ya Arkansas, ila hakuna aliyepoteza haki yake kwa sababu mlango wa kuripotia ulifungwa usiku.

Dodoso la Kenya lingeweza kumwachia mjane nyumba yake, na dereva pikipiki yake, likauliza mawili tu kabla ya yote: mwezi uliopita nani aliingiza fedha katika nyumba hii, na zilitosha siku ngapi?