Kimya cha Nevada na Kimya cha Pelindaba

Marekani na Afrika zote hazilipui mabomu ya nyuklia, ila kwa nia zinazopingana. Anayesoma fizikia katika Sekondari ya Ufundi Iyunga, Mbeya, anastahili kuzijua zote mbili, maana kanuni anazokokotoa darasani ndizo zinazotumika kotekote.

Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho Nevada, Septemba 1992. Tangu hapo wanasayansi wake wamebaki na swali moja: je, mabomu yaliyozeeka ghalani bado yatalipuka? Tritiamu iliyo ndani ya bomu hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo hujazwa upya. Plutoniamu huoza polepole mno, lakini kila atomu inayooza huacha heliamu ndani ya metali na kuvuruga mpangilio wake. Basi mabomu kadhaa hufunguliwa na kukaguliwa, na chini ya ardhi ya Nevada plutoniamu kidogo hubanwa kwa vilipuzi vya kawaida, bila mlipuko wa nyuklia. Katika maabara ya Livermore, California, miale 192 ya leza huelekezwa kwenye kidonge cha haidrojeni ili atomu zake ziungane kama ndani ya bomu. Desemba 2022 ziliingia megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Vipimo hivyo vyote hulishwa kompyuta. Ufaransa, iliyolipua bomu Sahara mwaka 1960 na kukoma Januari 1996, ina leza ya namna hiyo karibu na Bordeaux.

Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayavunja yote, na Rais de Klerk akalitangazia bunge Machi 1993. Mkataba wa Afrika wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo Aprili 1996, unakataza hata utafiti wa kuunda bomu. Mkataba wa dunia wa Septemba mwaka huohuo unakataza mlipuko tu. Dar es Salaam kuna kituo kinachosaidia kuusimamia: hewa hupitishwa kwenye kichujio kwa saa 24, kichujio huachwa saa 24 nyingine ili mionzi ya asili ipungue, kisha hupimwa.

Watetezi wa maabara husema kazi yao ndiyo inayozuia majaribio yasirudi. Hoja hiyo ina uzito, kwani vumbi lenye sumu halianguki tena juu ya watu wa jangwani. Lakini anayelitunza bomu kwa bidii hiyo hana mpango wa kuliacha. Pelindaba imekwenda mbali zaidi, na kwa haki. Dunia iazime kifungu chake cha utafiti, kisha iwape wataalamu wa Livermore kazi ya kuhakiki kuvunjwa kwa mabomu waliyoyatunza.