Kwa nini wapagazi walimwita ‘Bibi Bwana’?

Sisi wa Ronge tuna Ronge Juu, iliyoko mlimani, na Ronge Nyika, iliyoko chini kama jina lenyewe linavyodokeza. Nyika hii ya Taita ilikuwa njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro. Johannes Rebmann alipita huku mwaka 1848, Charles New akafuata mwaka 1871. Mwaka 1891 ulipita msafara wa wapagazi zaidi ya 100, na mkuu wake alikuwa mwanamke.

Huyo ni May French-Sheldon, Mmarekani aliyeishi London. Alikuwa na mume, tena mume mwenye uwezo, lakini alimwacha nyumbani. Maafisa wa kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa hawakutaka kumsaidia. Mwanamke na msafara wapi na wapi? Basi akavuka hadi Unguja, akapata idhini ya Sayyid Ali bin Said, na wapagazi wakapatikana. Alibeba gauni la sherehe na wigi la nywele za manjano, akivivaa alipokutana na watawala wa njiani. Bendera yake iliandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana ya “usiniguse”. Huko Taveta alizunguka Ziwa Chala kwa chelezo cha shaba, kisha akaendelea hadi kwa Wachaga.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1892. Juu ya jalada la ndani, baada ya jina lake, aliongeza jina ambalo anasema wapagazi walimpa: “Bebe Bwana”. Tahajia ni ya sikio la kigeni, maana wapagazi walisema Bibi Bwana. Yeye alilipokea kama taji. Waandishi wengi waliomfuata wamelisoma vivyo hivyo, eti Waswahili walistaajabu kumwona mwanamke mwenye mamlaka hadi wakakosa neno la kumwita.

Mimi sikubaliani na usomaji huo. Neno lilikuwepo. Pwani hii ilimjua Mwana Mkisi, anayetajwa katika masimulizi ya Mombasa kuwa malkia wake wa kale. Ilimjua Mwana Kupona wa Siyu na Pate, aliyemtungia bintiye utenzi maarufu. “Mwana” lilikuwa jina la heshima la mwanamke wa daraja la juu, na “Bibi” vilevile. Binti za Sultani wa Unguja waliitwa mabibi bila mtu kushangaa. Kama wapagazi walitaka kusema tu kwamba huyu ni mwanamke mkubwa, “Bibi” lingetosha. Kwa nini basi wakaongeza “Bwana”?

Jibu nalitafuta katika kazi. Kwenye msafara, bwana alikuwa mwenye mali, anayeandika majina, anayegawa posho, anayelipa ujira safari ikiisha, na anayeamuru viboko. Hilo ni jina la cheo kabla ya kuwa jina la jinsia. Ndiyo maana hadi leo tunasema “bwana shamba” tukimaanisha afisa wa kilimo, na akija mwanamke wengine husema “bibi shamba”, wengine “bwana shamba mwanamke”. Sarufi yetu haina tatizo na jambo hilo: “alipita”, “ameamuru”, “mpagazi”, “msafiri”, hakuna hata moja linalokuambia kama ni mke au mume. Kwa hiyo “Bibi Bwana” ni maelezo makavu ya waajiriwa: mwajiri wetu safari hii ni mwanamke. Lina ucheshi kidogo, nakiri, lakini mshangao mkubwa siuoni.

Na ubwana huo aliutekeleza. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba wapagazi walipogoma njiani aliwatisha kwa bastola mpaka wakainua mizigo. Alikuwa na machela ya kusukwa, iliyobebwa mabegani mwa watu, na alipoumia uti wa mgongo wakati wa kurudi, ni mabega hayohayo yaliyomfikisha pwani. Husemwa kwamba alisafiri “peke yake”. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haiwezekani. Peke yake vipi, na watu zaidi ya 100 nyuma na mbele?

Kwao Ulaya ushujaa wake ulikuwa wa kweli, na sitaki kuudunisha. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilifungua mlango kwa wanawake mwaka 1892, naye akawa miongoni mwa 22 walioingia kabla mlango haujafungwa tena hadi mwaka 1913. Lakini huyu huyu, miaka ya 1903 na 1904, alizunguka Kongo ya Mfalme Leopold na kurudi akiusifu utawala ule, wakati Roger Casement alikuwa akitoa ripoti ya mateso ya wavuna mpira. Alifariki mwaka 1936.

Kuna swali moja la tafsiri ambalo wanafunzi wangu hulileta kila mara: tumwite nani kwa Kiswahili? Vitabu vya shule vimezoea “mvumbuzi”. Nawashauri waandike “msafiri”. Watu wa Taveta walilijua Ziwa Chala vizuri kabla ya chelezo chake kugusa maji.