Volti 48, kutoka kituo cha simu hadi Raspberry Pi

Vijana ninaofunga nao mitandao na kamera hapa Dar es Salaam hustaajabu mara ya kwanza wanapoona kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ikiwaka bila chaja. Kebo moja tu ya mtandao imechomekwa, na kompyuta imeamka. Mimi naona kazi ya mafundi simu, kazi yenye umri wa zaidi ya miaka 120. Naieleza hapa kwa sababu fundi anayejua ilikotoka huifunga kwa uangalifu zaidi.

Simu za mwanzo zilikuwa na betri nyumbani kwa kila mteja, pamoja na mkono wa kuzungusha ili kumwamsha opereta. Betri ikichoka, mwenye simu alikaa bubu mpaka fundi afike. Miaka ya 1890 kampuni ya Bell ya Marekani, kwa kazi ya wahandisi kama Hammond Hayes wa Boston, ilianza kuziondoa betri majumbani na kuziweka zote kituoni. Tangu hapo mteja alipoinua mkonga, mzunguko ulifungwa, mkondo ukapita, na taa ikawaka mbele ya opereta. Nyaya mbili zilezile zilibeba sauti na umeme wa kuiendesha.

Mimi nilianzia huko, kwenye kituo cha simu. Shirika la Posta na Simu lilikuwa limeshagawanywa, lakini waliotufundisha walikuwa wazee wa kazi, wengine walioajiriwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ingali hai. Walitupeleka kwanza chumba cha betri. Seli 24 za risasi na asidi zilipangwa kwa safu, kila moja volti 2, zote pamoja volti 48. Harufu ya asidi ilikukaribisha mlangoni. Mzee wetu hakuruhusu mtu aingie na pete wala saa ya chuma, maana kipande cha chuma kikigusa ncha mbili za betri kubwa kiasi kile, huyeyuka mkononi. Alitufundisha kupima asidi kwa hidromita, kuongeza maji safi, na kupaka grisi kwenye vibanio. Alitueleza pia kwa nini upande chanya ndio uliofungwa ardhini: kwenye udongo wenye unyevu, shaba yenye chaji chanya huliwa upesi, na udongo wa pwani yetu una unyevu na chumvi.

Faida ya chumba kile mji mzima uliiona. Wenye simu za mezani wanakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006: taa zimezimika, feni zimesimama, lakini ukiinua mkonga unasikia mlio. Umeme wa simu ulitoka kituoni, na kituoni kulikuwa na betri na jenereta na mtu wa kuvitunza.

Mtandao wa kompyuta ulizaliwa bila fikra hiyo. Mwaka 1973 Robert Metcalfe alipopendekeza Ethernet kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, kila mashine ilikuwa na plagi yake ukutani, na kebo ilikuwa ya data tu. Mwaka 1990 ukaja mtindo wa kutumia nyaya za jozi zilizosokotwa, ndugu wa nyaya zetu za simu. Kebo ikawa na jozi 4, mbili zikifanya kazi na mbili zimelala.

Kisha simu zenyewe zikahamia kwenye mtandao wa kompyuta, na hapo watu wakagundua walichopoteza. Simu ya mezani, iliyokuwa ikifanya kazi gizani, sasa ilihitaji chaja, na umeme ukikatika inakufa. Cisco ikaanza mwaka 2000 kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao kwa namna yake. Mwaka 2003 taasisi ya wahandisi, IEEE, ikapitisha kanuni ya wote, 802.3af. Kiwango kilichochaguliwa kilizunguka volti 48, zilezile za chumba cha betri.

Hazikuchaguliwa kwa mazoea tu. Kifaa cha wati 13 ukikilisha kwa volti 5 kitavuta zaidi ya ampea 2.5, kwa volti 48 kinavuta kama ampea 0.27. Joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo hasara inapungua karibu mara 90. Hata hivyo ipo. Kanuni ile ya 802.3af inaruhusu wati 15.4 kutoka kwenye swichi ya mtandao na inahakikisha wati 12.95 upande wa kifaa. Kilichobaki ni joto la mita 100 za kebo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mwanzo kabisa. Swichi haimwagi umeme ovyo. Inatuma kwanza volti chache, kati ya 3 na 10 hivi, ikitafuta rezista ya kiloomu 25 upande wa pili. Ikiikuta, inajua kuna kifaa kinachokubali umeme. Inauliza kinahitaji kiasi gani, ndipo inapanda hadi 48. Isipoikuta, inanyamaza, na laptopu yako iko salama. Vile viboksi vya volti 24 vinavyolisha redio za mtandao za juu ya paa kwa kebo haviulizi kitu. Visichanganywe kamwe na vifaa vya kanuni hii.

Raspberry Pi ilitoka Uingereza mwaka 2012 bila habari ya haya. Machi 2018 toleo la 3B+ likaja na pini 4 ndogo karibu na tundu la mtandao, zinazotoa umeme uliokuja na kebo. Agosti ikafuata bodi ya kupachikwa juu ya Pi, inayoshusha volti hizo hadi 5. Toleo lake la kwanza lilikuwa na kasoro: vifaa vya USB vilinyimwa mkondo, na watengenezaji wakairekebisha kwa kuongeza uchujaji. Mwaka 2021 ikaja yenye nguvu zaidi.

Kuifunga ni kazi fupi. Zima kila kitu. Funga nguzo nne za pembeni kwanza, kisha shusha bodi sawasawa juu ya pini 40 na zile 4 kwa pamoja. Ukiiinamisha, pini ndogo hupinda. Sasisha programu za Pi kabla, la sivyo feni inaweza isizunguke. Kwenye faili la config.txt unaipangia feni joto la kuanzia, likiandikwa kwa sehemu za elfu: 50000 ni nyuzi 50. Kwa joto letu usiiache ianzie juu sana. Bodi ya Pi 3B+ inaingia pia kwenye Pi 4, lakini Pi 5 pini zake zimehamishwa, inataka bodi nyingine.

Nawaomba mafundi wenzangu mambo mawili. Nunueni kebo ya shaba tupu. Zile za aluminiamu iliyopakwa shaba ni nyepesi na rahisi kwa bei, lakini ukinzani wake ni mkubwa, hupata joto zinapobeba umeme, na huvunjika kwenye vibanio. La pili, wekeni betri nyuma ya swichi. Swichi ndiyo kituo cha simu cha leo, na kamera, redio na Pi zote zilizofungwa kwake zitazimika siku itakapozimika yenyewe.