Kadenge na Mpira

Kila Jamhuri tunapokutana hapa Durban, pilau ikishaisha na watoto wakitoka nje kucheza, mazungumzo hufika kwenye kandanda. Vijana hubishana kuhusu Wanyama na Olunga. Sisi wa makamo humtetea Oliech. Halafu mtu mmoja, mara nyingi yule aliyenyamaza muda wote, husema, "Kadenge na mpira!" na wote hucheka. Nimegundua kwamba watoto wetu wanaujua msemo huo lakini hawamjui mwenye jina. Kwa hivyo nilipoombwa kuandika ukurasa wa historia mwaka huu, nilimchagua yeye.

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alikuwa mshambuliaji, na sifa yake kubwa ilikuwa chenga. Aliichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 ambayo leo tunaiita AFC Leopards. Nchi ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, alikuwa na umri wa miaka 28 na alikuwa miongoni mwa wachezaji waliovaa jezi ya taifa jipya.

Wakenya wengi wa wakati huo hawakupata kumwona akicheza. Walimsikia. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alitangaza mechi katika Sauti ya Kenya, na mpira ulipokuwa miguuni mwa Kadenge alilirudia jina lake tena na tena: Kadenge na mpira, Kadenge na mpira. Msikilizaji wa Kakamega au wa Lamu alijua hapo kwamba kuna mtu ameshika mpira na hauachi.

Baba yangu alikuwa na bahati kuliko hao. Alifanya kibarua Industrial Area, Nairobi, na Jumapili alitembea kwa miguu hadi uwanja wa barabara ya Donholm, ambayo sasa ni Jogoo Road. Alituambia kwamba Kadenge alipoupata mpira, watu waliokaa walisimama, na waliosimama walipanda juu ya chochote kilichokuwa karibu. Si kwamba siku zote tulishinda. Siku ya Jamhuri ya mwaka 1965 Ghana walikuja Nairobi wakatufunga 13 kwa 2, na kichapo hicho bado ni kikubwa kuliko vyote katika historia ya timu yetu. Baba alikisimulia bila aibu. Alisema, "Tulifungwa tukiwa na bendera yetu."

Sikuielewa kauli hiyo mpaka nilipohamia Sydenham. Mtaani kwetu kuna mzee ambaye ujanani alicheza Curries Fountain, ule uwanja ulio chini ya Berea, karibu na Bustani ya Mimea. Hunisimamisha nikitoka zamu nimpime presha barazani kwake. Siku moja aliniuliza, "Sista, na nyinyi kule kwenu mlikuwa na nani?" Nikamsimulia Kadenge. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo alikuwa na bahati. Alikuwa na nchi ya kuichezea."

Ni kweli. Miaka ile ile Kadenge alipokuwa akiwakilisha Kenya, Mwafrika, Mhindi au Kaladi wa Durban hakuruhusiwa kuichezea Afrika Kusini hata angekuwa na kipaji gani. FIFA iliisimamisha nchi hii mwaka 1961 kwa sababu ya ubaguzi huo, ikaifukuza kabisa mwaka 1976. Iliporudishwa, mechi yake ya kwanza ilichezwa papa hapa Durban, Kings Park, tarehe 7 Julai 1992, wakaifunga Kameruni 1 kwa 0. Mzee wangu alikuwa uwanjani siku hiyo, lakini kama mtazamaji. Miguu yake ilikuwa imekwisha kitambo.

Basi uhuru ulimpa Kadenge jezi. Lakini haukumpa pensheni. Siku hizo mpira wa Kenya haukuwa na mshahara wa kumjengea mtu maisha. Alipoacha kucheza, mtu ambaye jina lake lilijulikana nchi nzima aliendesha teksi Nairobi ili kulea familia. Abiria waliketi kiti cha nyuma cha gari la Kadenge. Sisemi hayo kwa kumdharau. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tumefanya kazi ambazo hatukuzitaja nyumbani, ili karo ilipwe. Yeye alifanya yake hadharani, katika jiji lililokuwa limemshangilia, na mpira hakuuacha. Aliendelea kufundisha, na mwaka 2002 alikuwa kocha wa Harambee Stars. Kati ya wanawe pia walitoka wanasoka.

Uzeeni alipata kiharusi. Hapo ndipo habari yake ilipoingia kwangu.

Mwaka 2014 nilikuwa zamu ya usiku hapa Durban kaka yangu aliponipigia simu. Alisema mdomo wa baba umepinda na mkono hauinuki. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akanijibu, "Tangu asubuhi. Tulidhani amelala vibaya." Kwa kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Muda huo ulikuwa umepita kabla simu haijalia. Nimekuwa nikiwafundisha jamaa za wagonjwa wa Durban dalili hizo kwa miaka mingi. Watu wa nyumbani kwetu sikuwa nimewafundisha hata mara moja.

Baba aliishi miaka miwili zaidi. Maneno yalimpotea. Hakuweza kuomba maji wala kutaja jina langu. Lakini kaka yangu akisema, "Kadenge..." baba alijibu waziwazi, "...na mpira!" Sisi wauguzi tunalijua jambo hilo: maneno ya mazoea, kama sala na nyimbo, huweza kubaki wakati mazungumzo ya kawaida yameondoka. Nilizungumza naye kwa simu hivyo hivyo, kila Jumapili, hadi mwisho.

Mzee Kadenge naye alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na miaka 84. Siku kumi kabla yake, Harambee Stars ilikuwa imeifunga Tanzania 3 kwa 2 katika Kombe la Afrika kule Misri. Baada ya kifo chake, gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kwamba City Stadium, uwanja ule ule aliouendea baba kwa miguu, utaitwa kwa jina la Joe Kadenge. Ni heshima njema, lakini mwenye jina hakuwepo kuisikia. Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, aliendesha kwa miaka mingi kipindi kilichouliza, Je, huu ni ungwana? Kwa jambo hili, kila mmoja wetu na ajijibu.

Mimi nina ombi dogo. Katika sherehe ya mwaka huu nitakuwa na meza karibu na mlango, na mashine ya presha. Pitia kabla ya kupakua chakula. Kisha pigia simu mzazi au mzee wako nyumbani, uwafundishe walio naye mambo matatu ya kutazama: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikoroga. Wakiona hata moja, wasingoje kesho, wampeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kama kuna neno la shukrani unaloliweka kwa ajili ya mazishi yake, mwambie leo, angali anasikia.

Heri ya Jamhuri.